Mlima wa Kutazamia Kojani

"Mwanawema, waenda kutafuta nini huko mlimani kila asubuhi?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Bi Mize, kasimama uwanjani na ufagio wa chelewa mkononi, umande ungali juu ya majani.

"Natafuta pumzi, mwenzangu."

"Pumzi! Kwani hii ya hapa chini ina nini? Una miaka sitini na mitano wee, wenzio watafuta pa kukalia!"

Tukacheka sote wawili. Ila niliona vidole vyake vimeukaza ule ufagio.

Mlima ule naujua tangu niko mwari. Nimezaliwa Kojani, kisiwa usichokifikia ila kwa chombo, nikaolewa huku kwenye mabonde na mikarafuu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikilia asubuhi na jioni. Mume wangu Jaribu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunambia nyamaza. Alinishika mkono tukapanda, tukaipita mikarafuu, tukaupita mnazi wa mwisho, hata tukafika kileleni. Akanyoosha kidole upande wa mashariki. "Kwenu kule." Nikakiona kisiwa changu kimelala juu ya maji, chembamba kama jani. Ikawa kila nikilia, twapanda. Kisha wakaja watoto, ikaja kazi ya mpunga bondeni, nikasahau kulia, na mlima nao nikausahau.

Alipokufa nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Nilipotoka, miguu haikuwa yangu tena. Siku moja baada ya sala ya alfajiri nikachukua mkongojo wake, nikapanda mpaka mkarafuu wa kwanza, nikarudi. Kesho yake mpaka wa pili. Nilianza Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kileleni nikafika Mfunguo Tano.

Kule juu, asubuhi, ukungu huyajaza mabonde yote, vilima vikabaki vichwa tu, kila kimoja kisiwa. Hukaa nikavuta uradi kwa tasbihi. Mara nyingine hunijia harufu ya karafuu mbichi na msimu haujafika. Mara nyingine husikia mkongojo ukigonga nyuma yangu, na mkongojo niko nao mwenyewe mapajani. Sigeuki. Namaliza uradi wangu. Jua likipanda, ukungu hufunguka, na Kojani hutoka kidogo kidogo, kama mtu anayeamka.

Kileleni pana jiwe kubwa. Tangu zamani wapo wanaolifunga vitambaa vyeupe na kulifukizia ubani, wakaliomba lisilosikia. Mimi nililigeuzia mgongo siku zote. Lakini asubuhi moja niliona chini yake chetezo cha udongo chenye jivu la ubani, mdomo umeatuka na kuzungushiwa waya. Nikakijua. Chetezo kile nilikiazima mwenyewe siku ya khitma ya mume wangu, na aliyeniazima ni Bi Mize. Bintiye Rahma ameshaharibu mimba tatu, na wakati ule alikuwa na ya nne. Nilikitazama sana. Nikamwombea Rahma kwa Mola wake, nikashuka, nisimwambie mtu.

Maneno ya watu yana miguu kunishinda mimi. Wiki haikwisha, yakafika Wete: mamake Ustadh Nassor siku hizi anakwenda mzimuni. Nassor ni mwanangu, anasomesha chuo cha Kurani mtaa wa Jadida, huko huko Wete. Akaja siku ya Ijumaa baada ya sala, na hakuja kwangu kwanza, alipanda mlima. Bi Mize alikuwa ukumbini kwangu, kaniletea sahani ya mihogo ya nazi, Nassor alipoingia na kanzu yake imejaa matope. Hata kutuamkia hakutuamkia. Akakiweka kile chetezo juu ya mkeka, baina yetu.

"Mama, nini hiki?"

"Chetezo."

"Naona kama ni chetezo! Nimekikuta penye jiwe, jivu lina moto bado. Nasomesha watoto wa watu tauhidi, kuwa haabudiwi ila Mungu mmoja, mama. Wazee wao nitawatazama kwa jicho gani?"

"Sijalifukizia jiwe mimi, Nassor."

"Basi cha nani? Nani mwengine apandaye kule?"

Nilihisi Bi Mize hapumui. Neno moja tu lingetosha, na mlima wangu ungebaki wangu. Lakini nilisomeshwa tangu mdogo kuwa amsitiriye nduguye, Mungu humsitiri.

"Cha mtu," nikasema. "Mtu mwenye shida yake."

"Haya. Basi funga nguo zako, twende Jadida leo hii. Utakaa na mke wangu Samiha, penye watu, na mlima huu huupandi tena."

Nikatazama nje. Mlima ulikuwa umesimama katikati ya mlango wangu, kijani, umetulia, kama mgeni aliyekuja kuaga. Nikainuka.

"Ngoja nichukue mswala wangu," nikasema.

Ndipo Bi Mize akanyoosha mkono. Akakichukua chetezo, akaupapasa ule waya kwa kidole gumba kama mtu apapasaye kovu lake, akakifunga katika upindo wa kanga yake. Nassor akamtazama yeye, akanitazama mimi, asijue pa kuyaweka macho. Bi Mize akanishika bega, akanirudisha nikae. Kisha akajitanda ushungi wake, akatoka nacho, akashika njia ya kwake.