Chumba cha Mashine ya Pumzi

Jumapili alasiri mama alikuwa anapiga pasi mashuka, ameipa televisheni mgongo, na binti yake analoweka brashi za kuchorea kwenye kopo la maji. Marudio ya katuni yakaisha, majina ya watayarishaji yakaanza kupanda kwenye kioo, na baba akatoka ndani ya televisheni. Alitanguliza mguu wa kulia, akashika ukingo wa meza, akashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi asizoziamini. Alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla ya siku hiyo.

Mama alisimamisha pasi.

"Umekonda," alisema.

Ni kweli. Kwa mbele alikuwa mwanamume kamili, na upara wake na kizibao cha kahawia. Akigeuka ubavu, unene wake ni wa karatasi. Mstari wa wino mweusi ulimzunguka mwili mzima. Alijitazama mikono, akahesabu, akarudia kuhesabu. Maisha yake yote alikuwa fundi saa.

"Kidole cha tano kiko wapi?" alimuuliza binti yake.

"Katuni huwa na vinne, baba. Vitano vinachelewesha kazi."

"Haya," alisema, akavuta kiti.

Binti alikuwa mchoraji wa katuni ya watu wazima iliyotoka kila Ijumaa, ile iliyowasema wakubwa bila kuwataja. Kipenzi cha watazamaji kilikuwa Babu Pumzi, mzee aliyekaa kwenye benchi la hospitali mbele ya mlango wenye kufuli na utepe mwekundu. Ndani mlikuwa na mashine mpya ya kusaidia kupumua. Haikuruhusiwa kuguswa mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe, na mgeni rasmi kila wiki alikuwa na udhuru. Mara yuko safarini. Mara amekwenda kuzindua kiwanda cha mikasi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katika yote hayo, mchoraji alikuwa ametunga kile kiwanda tu. Baba yake alikaa kwenye benchi hilo siku tisa, na siku ya kumi hakulihitaji tena.

Mama alimwekea baba chai. Baba aliinywa, ikabaki doa la rangi ya chai katikati ya kifua, likakauka. Mama akamwangalia kwa muda mrefu.

"Hivi vimistari viwili vya mdomoni ni vya nini?"

Kila baba alipovuta pumzi, vimistari viwili vilijitokeza pembeni mwa midomo yake, na mabega yakapanda hadi masikioni. Ndivyo alivyopumua siku zile za mwisho. Ndicho kilichowachekesha watu kuliko vyote.

"Nilivichora mimi," mchoraji alisema. "Ili watu wacheke."

"Walicheka?" baba aliuliza.

"Sana, baba."

"Basi kazi hukuiharibu." Mabega yakapanda, yakashuka. "Ila vinachosha, mwanangu."

Mama akaenda jikoni, akarudi na kitambaa kilicholowa, akamkabidhi binti yake. Mchoraji alipiga magoti mbele ya baba yake. Alifuta upande wa kushoto, kisha wa kulia, kwa uangalifu, asije akaufuta mdomo wenyewe. Baba akavuta pumzi moja ndefu, mapazia ya dirishani yakasogea. Akavuta nyingine. Mama akageuka akaendelea na mashuka, lakini pasi alikuwa ameizima na hakukumbuka.

Ijumaa iliyofuata Babu Pumzi alionekana akipumua kama watu. Mtayarishaji wa kipindi alimwita mchoraji ofisini.

"Babu bila vile vimistari ni babu tu. Virudishe."

"Sirudishi."

"Watazamaji wanalalamika!"

"Kalamu hiyo hapo, bosi. Chora mwenyewe."

Mtayarishaji alikuwa hajui kuchora hata yai. Hadithi ikaishia hapo.

Baba naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Jumatatu asubuhi alivaa viatu vyake vya kuchorwa, vyenye kamba zisizofunguka, akasema anakwenda hospitali. Mama akamsindikiza. Penye upepo alimshika kiwiko asipeperuke. Mvua ilipoanza kunyunya alimkunja taratibu, akamtia kifuani ndani ya koti, wino usichuruzike. Waliopishana nao waliwaamkia. Mmoja aliuliza habari za ukoo.

Mlango ulikuwa vilevile, kufuli na utepe. Baba akalala kifudifudi sakafuni, akapita chini ya mlango.

Jioni alisimulia mezani. Mashine ipo, bado imefunikwa nailoni. Mjusi ametaga nyuma yake. Maua ya kumpokea mgeni rasmi yamekaukia kwenye ndoo.

"Si ungeisukuma hadi mlangoni?" mama aliuliza.

"Nimesukuma. Haijui kama imesukumwa. Na kufuli liko kwa nje."

Mchoraji alichora yote, mjusi na mayai yake. Kipindi hicho kilipendwa kuliko vyote vilivyotangulia. Mganga mkuu wa hospitali alipiga simu mwenyewe kupongeza.

"Mmetusema, mmetusema kwelikweli! Hadi wizarani wamecheka. Yule mjusi jamani!"

"Na mlango, daktari? Mtafungua lini?"

"Hilo liko kwenye ratiba ya mgeni rasmi," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akaomba apewe mchoro mmoja wenye sahihi. Aliutia kwenye fremu nzuri ya mbao, akautundika pale mlangoni, juu ya kufuli.

Baba aliendelea kwenda. Alitoa nailoni kwa subira, sentimita kwa sentimita, kazi ya wiki tatu. Alipangusa vumbi. Akaisoma mashine kama alivyozisoma saa za watu, sikio kwanza, mkono baadaye, mpaka akajua waya upi unakwenda wapi. Akaona fahari hata kwa vile vidole vinne.

Siku alipoiwasha, mama alikuwa amekaa kwenye benchi akimsubiri. Kando yake alikuwapo mwanamke kijana aliyempakata mtoto wa kike wa miaka miwili. Mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia na kutoka upesi upesi. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mashine, nzito, ya utaratibu, ikivuta na kuachia katika chumba kisicho na mtu wa kuitumia.

Mwanamke akainamisha kichwa kuelekea uwazi wa chini ya mlango.

"Baba, ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri sana," sauti ya baba ilijibu. "Haina kasoro yoyote."

"Asante, baba."

Mama akasogea, akampa nafasi zaidi. Mwanamke akamlaza mtoto vizuri, kichwa karibu na mlango, ili angalau aisikie.