Mikwaruzo ya Kwenye Kifungo

Fundi miwani alikuwa mtu wa kuogopa mikwaruzo. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akishinda chumba cha nyuma cha duka lake, akisaga lenzi na kuwakemea wateja waliofuta miwani kwa pindo la shati. "Shati lina vumbi," aliwaambia. "Ni kama unasugua kioo kwa msasa." Walimbatiza Mama Kitambaa, naye hakulichukia jina hilo.

Lakini miwani ya watu ilikuwa kazi tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa saa moja ya mkononi.

Aliachiwa na baba yake, mpima ardhi aliyekatiza misitu na mabonde miaka yote akivaa saa za plastiki. Siku alipostaafu, mzee alijinunulia saa ya fahari, ya chuma kizito na uso wa buluu. Aliivaa miezi kumi na moja. Alipolazwa mara ya mwisho aliivua mwenyewe, akamtia binti yake mdogo mkononi, akasema, "Wewe ndiye unayejua kutunza."

Naye akaitunza mpaka ikawa kero. Aliivaa mara mbili tu, zote harusini, na zote mbili alikaa ameuinua mkono kama mtu aliyevunjika kiwiko. Siku nyingine zote saa ililala kwenye boksi lake, ndani ya droo ya kabati la nguo. Kila Jumapili asubuhi aliitoa, akaifuta, akaikagua kwa kioo cha kukuzia. Dada yake mkubwa, aliyehamia kwake tangu ndoa yake ivunjike, hakuacha kumtania.

"Mgonjwa anaendeleaje leo? Homa imeshuka?"

Wakacheka wote wawili.

Jumapili moja hakucheka. Kwenye ukingo unaozunguka kioo aliona mkwaruzo mwembamba kama unywele.

"Dada, hebu njoo uone."

Dada akaja na kikombe chake cha chai, akainama. "Mbona mimi sioni kitu?"

"Hapo. Geuza kwenye mwanga."

"Ah, kweli. Pole, mdogo wangu. Labda ni wa zamani."

"Jumapili iliyopita haukuwepo."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mingine miwili. Fundi miwani alikosa hamu ya kula. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu wa kuingia na kutoka: yeye, dada yake, na Mama Pacha, aliyekuja Jumanne na Alhamisi kufanya usafi, kupiga nguo pasi na kuzipanga kabatini. Mama Pacha alikuwa nao kwa miaka sita. Baba alipofariki, ndiye aliyesimama jikoni siku tatu mfululizo bila kuulizwa.

"Sitaki kumsingizia mtu," dada alisema taratibu, akikoroga chai. "Ila kabati lile, ni nani mwingine anayelifungua?"

Alhamisi hiyo fundi miwani aliwahi kurudi nyumbani. Alimkuta Mama Pacha amesimama kwenye meza ya pasi, blauzi mkononi.

"Mama Pacha, saa ya baba umeifanya nini?"

"Saa yako sijaigusa, mama. Boksi naliinua nikifuta vumbi, nalirudisha."

"Sisemi umeiba. Nasema umeichezea. Ina mikwaruzo."

"Niichezee saa? Nina watoto wa kucheza nao nyumbani kwangu."

Dada alikuwa ameegemea mlango. "Kubali tu yaishe," alisema kwa upole. "Hakuna atakayekula nyama yako kwa mikwaruzo mitatu."

Mama Pacha alimtazama dada, akamtazama muda mrefu, kama anayesubiri mtu amalize sentensi. Kisha akachomoa pasi, akavua aproni, akaikunja mara nne. Ufunguo wa mlango wa nyuma akauweka mezani.

"Miaka sita," alisema, akaondoka zake.

Mwezi mzima ukapita. Dada ndiye aliyekuwa akimpoza: Mama Pacha angepata kazi kwingine, hasara ni ya aliyekosa uaminifu. Kisha Jumapili moja, akiwa anaifuta saa, fundi miwani aliigeuza, akakiangalia kifungo cha mkanda upande wa chini, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kukagua.

Upande wote ulikuwa umechakaa. Na mikwaruzo ile haikwenda ovyoovyo. Ilikuwa imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Hilo alilijua vizuri kuliko watu wengi. Kitu kikianguka au kikigongwa, alama huenda kila upande. Alama kama hizi hutoka kwenye meza: mkono unaoteleza juu yake huku na huku, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Mama Pacha hakuwa na meza ya ofisi. Fundi miwani mwenyewe alisaga lenzi amesimama, mikono mitupu.

Akakaa kitandani. Jikoni dada yake alikuwa akiimba.

Hakumuuliza. Jumatatu alisubiri dada aende kazini, akafungua droo. Saa haikuwemo ndani ya boksi. Kitambaa cha kuifutia kilikuwa kimekunjwa ndani yake vilevile alivyozoea kukikunja yeye.

Akamfuata dada kazini, kwenye ofisi ya mawakala wa nyumba. Mwanamke wa mapokezi alimchangamkia. "Wewe ndiye mdogo wake? Hee, mnavyofanana! Kaa kidogo, yupo na wateja."

Kupitia ukuta wa kioo alimwona dada akiwafunulia mume na mke karatasi za mkataba. Mkono wa kushoto ulikuwa ukiteleza juu ya meza, na kitu cha buluu kikimetameta.

Mwanamke wa mapokezi alifuata macho yake. "Nzuri, eh? Aliachiwa na marehemu baba yenu. Alitusimulia mzee alivyoivua hospitalini, akamtia mkononi, akamwambia yeye ndiye anayejua kutunza. Siku ile tulilia wote hapa."

Kuikuta saa mkononi mwa dada, fundi miwani alikuwa amekwisha kujiandaa nako tangu jana. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

Dada alipotoka na kumwona, alivuta mkono wa blauzi ufunike saa, kisha akaona hakuna maana.

"Mdogo wangu, nilikuwa nitakuambia. Ni siku za wateja tu. Wateja wanaangalia mkono kabla ya—"

"Ungeomba ningekupa."

"Wewe? Ungenipa?" Dada alicheka kicheko kikavu. "Nilimwogesha baba miezi minne. Wewe ulikuwa unakuja na dawa na matunda, unakaa saa moja, unakwenda. Halafu wewe ndiye unayejua kutunza!"

Hayo hakuwahi kuyasikia, na yalikuwa kweli. Yalimchoma, lakini hayakumnyamazisha.

"Ungenitukana, dada. Ungeitupa hata chooni, ningekusamehe. Lakini ulisimama mlangoni ukamwambia Mama Pacha akubali. Ulikuwa unajua, ukaniacha nimfukuze."

Dada aliangalia sakafu. "Nilidhani utamkaripia tu," alisema.

Fundi miwani aliondoka bila kuidai saa. Kabla ya mwisho wa mwezi dada alikuwa amehama, saa ameiacha mezani bila hata karatasi ya maneno mawili. Hawajasemezana mpaka sasa.

Fundi miwani alimpata Mama Pacha kwenye chumba cha kufulia cha zahanati, akikunja mashuka. Alimweleza yote bila kujitetea. Mama Pacha alisikiliza, mikono haikusimama.

"Mimi nilimwona akitoka nayo," alisema. "Mara tatu. Nilijua umemwazima. Siku ile nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe."

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Ningesema, ungemwamini nani?"

Fundi miwani alijua jibu halikuwa "wewe".

"Rudi nyumbani, Mama Pacha. Nakuomba."

"Moyoni sina kitu nawe. Ila kwako sirudi."

Shuka lilikuwa kubwa, na Mama Pacha alikuwa akihangaika nalo peke yake. Fundi miwani alishika ncha mbili za upande wa pili, naye hakuzuiwa. Walikunja mashuka sita pamoja. La saba Mama Pacha alilivuta lote upande wake, akalikunja mwenyewe.