Pembe ya Kushoto

"Hiyo movie usichukue," Filister alisema. "Risasi mingi, akili hakuna. Jamaa anapigwa risasi kwa kifua asubuhi, jioni yuko shambani anapasua kuni."

Dalmas, kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea kaunta, alicheka. "Mathe, si hiyo ndio utamu yake? Mimi sitaki star wa kufa haraka."

"Basi chukua, lakini kesho usikuje kunililia hapa. Nikuwekee na hii ya house help? Imetengenezwa hapa hapa Nairobi, na watu wanajua mafuta ya taa inauzwa wapi. Mwisho wake uliniuma mpaka sikukula."

"Za kulia sitaki."

"Nani amekuambia ulie? Nimesema ni mimi iliniuma."

Alichukua flash ya kijana, akaipapasa kidogo kwa kidole gumba kujua upande wa juu, akaichomeka bila kuangalia. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kimebanwa kati ya geti la ploti ya vyumba vya kupanga na ukuta wa kanisa, huko Gatina. Maduka ya kuwekea watu filamu yalikuwa tele Kawangware nzima, na mengine yalikuwa na filamu nyingi kuliko lake. Kwake watu walifuata mdomo. Filister hakuuza kitu ambacho hakukitazama mwenyewe mpaka mwisho, na aliyeuliza alijibiwa bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Filamu za Kinaijeria, alisema, zingepungua nusu kama watu wangeacha kugombana getini. Za Kikorea alizipenda, ingawa wapenzi walihitaji wiki nzima kushikana mikono. Yule mzee wa ndevu nyeupe katika za karate alimheshimu kwa kuwa hafi kabla ya kumaliza kufundisha. Za Kihindi zilimtoa machozi kwa urahisi uliomkasirisha, akazishusha thamani kwa sababu hiyo tu. Za mashetani hakuziweka kabisa.

"Mimi ni mwoga," aliwaambia wanaozitafuta, nao wakadhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Filister alikuwa akiogopa kuanzia anapoamka hadi anapolala. Dunia aliiona kupitia tundu. Katikati palikuwa wazi vizuri, angeweza kukuonyesha uzi uliofunguka kwenye kola ya shati lako, ila kando kote palikuwa pameliwa, na kila alipojipima kwa kunyoosha vidole karibu na masikio aliona pameliwa zaidi. Mwaka uliopita alikwenda Kibera, kwenye kanisa moja ambako madaktari walikuwa wakipima watu macho bure. Dada mmoja aliyevaa koti jeupe akamwambia ni presha ya macho. Kilichokwenda hakitarudi, alisema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, mradi ahudhurie kliniki na asiache dawa ya matone. Filister alitumia kichupa alichopewa hadi kikaisha, na hakurudi. Aliogopa wangempima tena na kumtajia ukubwa wa tundu.

Hakumwambia mtu, hata mwanawe Marvin aliyefanya kazi Eldoret. Alijifunza kutembea akigusa kuta. Wateja aliwajua kwa sauti. Kibanda kilikuwa chembamba mno kumpa nafasi ya kukaa mbali na televisheni, kwa hiyo filamu alizitazama kwa kufuata uso wa anayezungumza, na yaliyobaki akayajaza kwa masikio. Maandishi ya chini alishaacha kuyafukuza. Mpaka siku hiyo hakuna mteja aliyekuwa ametilia shaka neno lake.

Dalmas alipokuwa akivaa kofia yake ya pikipiki, Mutheu aliingia. Alikuwa mama mboga wa pale getini, na aliishi chumba cha nyuma katika ploti hiyo hiyo na binti yake Kaluki. Walihamia hapo kutoka Kongo, mtaa wa huko huko Kawangware, baada ya mto kufura msimu wa mvua uliopita na kubomoa nyumba yao. Musembi, mumewe, alikuwa amewatoa wote wawili salama. Kisha akarudi ndani kuchukua viatu vya shule vya Kaluki.

"Mama Marvin, umeshinda aje?"

"Niko sawa, Mama Kaluki. Sukuma imeisha?"

"Imebaki yetu ya kupika. Nitafutie movie. Leo Kaluki amecheka, mimi mwenyewe nimesikia. Nataka tukae na yeye jioni tutazame kitu." Alishusha sauti. "Unajua vile nataka."

"Isiwe na maji."

"Isiwe na mto, isiwe na bahari, isiwe na mtu anazama. Hata mvua, kama ni kubwa, sitaki."

"Kuna moja nimemaliza jana," Filister alisema, na sauti yake ikalainika. "Ni ya mbali huko, hata hiyo lugha siijui, lakini maneno ni kidogo. Msichana anaishi na babake na nyanyake. Hakuna vita, hakuna matusi. Karibu na mwisho huyo msichana anachana nyanyake nywele akiimba. Mama Kaluki, hiyo wimbo! Nilirudisha nyuma nikasikia tena. Halafu kuna harusi, watu wote wamevaa nyeupe, inaisha."

"Na maji?"

"Hakuna. Nimetazama mpaka mwisho."

"Ukisema wewe, mimi sina maswali," Mutheu alisema, akampa flash.

Asubuhi iliyofuata Dalmas alikuwa amekuja kukiri kwamba ile filamu ya risasi ilikuwa bure kabisa. Filister alikuwa anafurahia kumcheka, wakati mkono ulipoingia katikati ya tundu lake na kuweka flash juu ya kaunta. Akainua uso, akakutana na uso wa Mutheu, na kicheko kikamkauka.

"Kaluki yuko chini ya kitanda," Mutheu alisema. "Tangu jana. Nikimgusa anapiga nduru. Amejikojolea, mtoto wa darasa la nne."

"Nini imefanyika?"

"Wewe ndio uniambie. Si ulisema umetazama mpaka mwisho?"

"Nilitazama."

"Basi uliona huyo baba akiingia kwa mto. Uliona, na bado ukanipatia nimwekee mtoto."

Filister aliivuta ile flash karibu. "Mto gani?" aliuliza.

Mutheu alifika mlangoni, akageuka. "Unaniuliza mto gani," alisema, wala hakupandisha sauti. Kisha akatoka.

Dalmas alijikuna shingo. Alikuwa kijana mwenye huruma, na huruma yake haikujua kukaa kimya. "Mathe, si useme tu ulichanganya? Movie ni mob hapa, hazihesabiki. Mwambie hiyo ilikuwa ya msee mwingine, ikaingia kwa flash yake by mistake. Ataelewa, si hukukusudia."

"Nitamwambia hivyo," Filister alisema. Alitaka sana kumwambia hivyo.

Dalmas alipoondoka, alifunga mlango, akawasha televisheni na kuiweka ile filamu. Aliitazama kama alivyozoea. Msichana alikaa mlangoni, nyanya mbele ya magoti yake, kitana kikishuka polepole kwenye nywele za mvi. Wimbo ukaanza. Hakukuwa na mto. Filister alivuta pumzi, akajiambia kwamba mtoto aliota, mtoto aliyefiwa na babake kwa namna ile anaweza kuota hata akiwa macho.

Lakini hakuizima. Akarudisha nyuma, akavuta kigoda mpaka magoti yakagusa meza. Safari hii hakumtazama msichana. Aligeuza uso kulia na kuipitia skrini kidogo kidogo, jinsi mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Kulia palikuwa na ukuta na kuku. Chini palikuwa na maandishi, yakipita haraka. Akarudisha tena, akapeleka uso kushoto, juu, kwenye pembe.

Mto ulikuwa hapo. Ulikuwa hapo muda wote, mpana, wa rangi ya chai, na ukingoni mwanamume aliinama akavua viatu, akaviweka sambamba. Akaingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Hakupiga kelele, wala mto haukutoa sauti yoyote, kwa kuwa waliotengeneza filamu hiyo walikuwa wameacha wimbo peke yake usikike. Kisha pakabaki maji matupu na vile viatu. Filister aligeuza uso haraka katikati. Msichana alikuwa bado anachana, bado anaimba, hajui lolote.

Aliiacha iendelee. Watu wakatokea wamevaa nyeupe. Akasogeza uso huku na huku, akasoma yale maandishi kipande kwa kipande, na ndipo alipoona kwamba walikuwa wanazika.

Alizima. Alifikiria filamu zote alizozisifu na alizozitukana mwaka huo, za Wakorea, za Wahindi, ile ya house help iliyomnyima chakula, na akajiuliza ni watu wangapi walikuwa wamekufa kwenye pembe huku yeye akisifu nyimbo. Akamkumbuka marehemu mamake, kule Nyakach. Mamake alishika ncha moja ya fimbo na Filister mdogo akashika nyingine, wakaenda sokoni. Aliposalimiwa, mama alisema, "Umenenepa wewe, unapendeza," kwa mtu yeyote, hata kwa mgonjwa, ili wasijue kwamba haoni. Watu walijua. Walimkonyezea Filister macho, naye akaona aibu iliyomfanya atamani kuiachilia fimbo.

Uongo wa Dalmas ulikuwa mzuri, na ungemeza kila kitu. Mutheu angesamehe kosa la mikono, duka lingebaki, watu wangeendelea kuuliza ipi ni nzuri. Ila kesho Mutheu angerudi na flash yake na kusema isiwe na maji, naye angejibu hakuna, na hangekuwa anajua. Filister aliketi gizani akiwaza hilo hadi mchana ukapita. Hakupata njia ya kulizunguka.

Alitoka wingu likiwa limeshuka. Akafuata ukuta wa ploti kwa kiganja, akahesabu milango kwa vidole, akausikia mtaro kabla ya kuuvuka. Chumba cha Mutheu kilikuwa wazi. Mutheu alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, sufuria ya chai ikichemka, na nyuma yake pazia la kitanda lilikuwa limefungwa.

"Amelala sasa hivi," Mutheu alisema. "Usimwamshe."

Filister alipapasa, akapata kiti, akaketi. Tone la kwanza liligonga mabati, kisha mengine.

"Dalmas ameniambia nikudanganye," alianza. "Niseme nilichanganya. Sikuchanganya. Hiyo ndio movie nilikupea, na niliitazama mpaka mwisho, na huyo baba sikumwona."

"Utakosaje kumwona? Kaluki amemwona."

"Macho yangu imeisha, Mama Kaluki. Imeisha pande zote. Nimebaki na hapa katikati peke yake. Sasa hivi nakuona uso, lakini mikono yako siioni. Leo nimeitafuta hiyo mto kwa TV vile mtu hutafuta kitu ameangusha, ndio nikaipata. Niliambiwa huko Kibera mwaka jana nitumie dawa, nirudi. Sikurudi. Niliogopa."

Mutheu aliinamia jiko.

"Sikukuja unihurumie," Filister alisema. "Nimekuja ujue sikumwona. Singempatia Kaluki hiyo kitu nikiwa nimeona. Hata ukienda useme kwa geti, sema. Wajue."

Mvua ilikuwa imekolea, ikipiga mabati kwa kishindo kilichofunika kila sauti chumbani. Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, kikatulia. Filister aliona midomo ya Mutheu ikichezacheza, akainama mbele ili asikie.

"Nimesema, anaogopa mvua," Mutheu alirudia. "Siku hizi anaogopa kila kitu."

"Hata mimi," Filister alisema.

Akangoja. Uso wa Mutheu ulitoka kidogo kwenye tundu, akaufuata, ukarudi katikati na kutulia, ukimwangalia. Hakuweza kusoma kitu ndani yake. Alitafuta hasira, akatafuta huruma, akatafuta hata dharau, lakini macho yalikuwa yamemkazia tu bila kupepesa, na kadiri yalivyokaa ndivyo alivyozidi kuamini kwamba amefukuzwa na hajaambiwa. Alianza kukusanya nguo yake magotini ili ainuke.

Ndipo joto lilipogusa vidole vyake vya mkono wa kushoto. Alishtuka. Mutheu alikuwa amemnyooshea kikombe cha chai. Alikuwa amekinyoosha muda wote huo.

"Shika," Mutheu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingiwa na hofu. "Kiko hapa, Mama Marvin. Kiko hapa kando."

Filister aligeuza kichwa polepole upande wa kushoto, akaanza kukitafuta.