Blanketi la Hilda na Barafu ya Mfuko

Mwaka jana Hilda alipakiwa kwenye bodaboda, jamani, yeye na blanketi lake, mbele ya mahujaji wote. Mlima wa kwenda Mbinga ulimshinda. Na hija ile ya miguu kutoka Lundo ina sharti moja: kila mtu abebe mzigo wake mpaka kanisani. Tangu siku hiyo wifi yake, Lidia, akipita pale Hilda anaposhonea huuliza, "Bodaboda hajambo?" Hilda hucheka juu juu, moyoni anaungua. Mwaka huu angefika kwa miguu yake, liwalo na liwe.

Miguu haikuwa na kosa. Blanketi ndilo lililomvunja mgongo, na kule juu mwezi wa saba hulali bila kujifunika. Basi akanunua majaketi ya mtumba, akayafumua, akatoa pamba ya nailoni iliyokuwa ndani, akaitandaza kati ya vitambaa viwili vyepesi vya makoti ya mvua. Akapiga cherehani mstari kwa mstari, kama ashonavyo vitandiko vya maharusi. Likapendeza kweli!

Lakini atalijaribia wapi, na Lundo joto halikuachi hata kivulini? Akanunua barafu mbili za mfuko. Moja akaivingirisha ndani ya blanketi, nyingine akaiacha wazi kwenye sufuria.

"Makubwa!" Lidia akashika kiuno. "Wifi, siku hizi barafu nayo inasikia baridi?"

"Kama linazuia joto lisiingie, litazuia na langu lisitoke. Subiri uone."

Zote mbili ziliyeyuka pamoja. Lidia alicheka mpaka akakaa chini. Hilda akalibonyeza blanketi kwa vidole, na hapo akaona kosa lake: mishono yote ile ilikuwa imeibana pamba, imelala bapa kama chapati, haina hewa ya kuzuia joto. Akafumua yote bila huruma. Safari hii akaishikiza kwa vifundo vya uzi vichache, vilivyoachana, pamba ikabaki imevimba. Akanunua barafu nyingine mbili. Ya sufuriani ilipokwisha kuwa maji, ya blanketini ilikuwa bado ngumu. Hilda akapiga vigelegele peke yake uani!

Siku ya hija blanketi liliingia kwenye mkoba wa begani, na nafasi ikabaki. Mlimani Hilda alikuwa anaimba. Nyuma yake Lidia alihema na blanketi lake zito kichwani, mwishowe akalikabidhi kwa kijana wa bodaboda litangulie Mbinga. Jioni, kwenye kigango, kanisa dogo la njiani walikolala, ukungu ulishuka, na Lidia akabaki anatetemeka na kanga yake.

"Wifi," aliita kwa sauti ndogo.

"Bodaboda hajambo?"

Kisha Hilda akainua pindo la blanketi. "Ingia, usije ukaganda bure." Wakalala fofofo.

Kesho yake, mlangoni mwa kanisa Mbinga, katekista Placidi alikuwa akikagua mizigo.

"Mama Hilda, mwaka huu umefikaje?"

"Kwa miguu yangu, Katekista. Na mzigo wangu huu hapa."

Kigelegele cha kwanza kilipigwa na Lidia, mikono mitupu.