Hatua Mia Moja kutoka kwa Godoro

Bi Pindo hakuomba mbwa. Mbwa aliletwa Jumamosi moja asubuhi na mkwewe, mume wa binti yake, macho mekundu, pua imevimba kama nyanya, akipiga chafya kila alipojaribu kuomba radhi. Mbwa alikuwa wa binti tangu kabla ya harusi: miezi saba ya ndoa, miezi saba ya chafya. Hospitalini walikuwa wamemwambia achague moja, manyoya au mapafu.

"Mama, ni wa muda tu," akasema, ameinamisha kichwa, nusu kwa heshima ya mama mkwe, nusu kwa ajili ya kutafuta leso.

"Mwache hapo," Bi Pindo akajibu kupitia pini tatu alizozibana midomoni.

Alikuwa fundi wa nguo za maharusi, na watu walishazoea kumsikia hivyo, maneno machache yaliyochujwa na pini. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake la gauni ungelitafuta kwa miwani usiuone uzi. Mumewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma, na tangu hapo ukimya wa ile nyumba ulivunjwa na cherehani tu.

Mbwa aliitwa Kishindo. Bi Pindo alidhani ni utani.

Na kwa kweli ndani ya nyumba alikuwa malaika. Alilala chini ya meza ya kukatia, kidevu juu ya mabaki ya vitambaa, akiisikiliza cherehani kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari. Tatizo lilikuwa barabarani, tena tatizo lenyewe ni mbwa wenzake. Akiwa kwenye kamba, akimwona mbwa hata upande wa pili wa barabara, hata mkia tu unaopotelea kwenye kona, Kishindo alipandwa na mori. Alisimama kwa miguu miwili, akabweka mpaka mate yakaruka, na Bi Pindo akafuata nyuma kama mkokoteni uliokatikiwa breki, akiomba samahani kulia na kushoto.

Wiki ya tatu ndipo ilipotokea ile patashika nguo kuchanika. Bi Pindo alikuwa anapeleka gauni la harusi kwa mwenyewe, nyumba ya nne tu kutoka kwake, gauni na shela yake begani ndani ya mfuko mweupe, kamba imezungushwa kwenye kiganja. Mbwa mdogo mweupe akatokeza kwenye mlango wa kinyozi. Mdogo kweli, ukubwa wa kandambili. Kishindo hakuuliza umri. Aliruka, Bi Pindo akaruka naye, wakaingia saluni wote wawili bila kubisha hodi, wakazunguka kiti mara mbili, na vumbi lilipotulia mteja wa kinyozi alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya mbwa, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, na shela ya bi harusi imemfunika uso.

"Nimekufa?" mteja akauliza kutoka ndani ya shela.

Kinyozi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Pindo hakucheka. Alirudi nyumbani, akafua shela, akaipiga pasi, akaipeleka, na kesho yake akampeleka Kishindo kwa daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuonekana kushangazwa na lolote.

"Huyu si mbabe, mama," daktari akasema, akimkuna Kishindo nyuma ya sikio. "Huyu ni mwoga. Angekuwa huru, angekwepa. Ukimfunga kamba amebakiwa na silaha moja tu, mdomo. Anabweka, yule mwingine anapita zake, naye anajisifu moyoni kwamba amemfukuza. Sasa niambie, wewe ukimwona mbwa anakuja unafanya nini?"

"Naikaza kamba. Kwa nguvu zangu zote."

"Basi hiyo kamba ni simu. Umempigia kumwambia hatari imefika."

Bi Pindo akatazama mikono yake, mikono inayotunga uzi kwenye sindano gizani, akaona aibu.

Dawa yenyewe haikuwa ya chupa. Ilikuwa ini la kuchemsha, lililokatwa vipande vidogo kama kucha, na umbali. Atafute umbali ambao Kishindo anamwona mbwa mwenzake lakini bado ana akili zake. Akimtazama tu, kabla hajafungua mdomo, apewe ini. Mbwa mwingine akionekana, ini linakuja. Akiondoka, ini limekwisha. Siku baada ya siku wasogee hatua chache, bila pupa, mpaka kichwa cha Kishindo kikubali kwamba mbwa mwenzake ni habari njema.

"Lakini unahitaji mbwa mtulivu wa kufanyia mazoezi," daktari akaongeza. "Nenda kwa fundi saa wa mtaa wa chini. Wa kwake anaitwa Godoro. Ukimwona utajua kwa nini."

Fundi Saa alikuwa mwanamume mrefu wa miaka sitini hivi, mpole, aliyezoea kuzungumza na watu huku jicho moja likiwa kwenye kioo cha kukuzia, kwa hiyo kila mtu alijiona kama amekonyezwa. Godoro alikuwa amejilaza kizingitini, mnene, wa rangi ya mchanga, na wateja walikuwa wanamruka. Fundi Saa alisikiliza kisa chote, pamoja na saluni na shela, akavua kioo chake.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema, "kiwanja cha mpira. Sisi tutasimama kwenye goli la mbali."

Ndivyo ilivyoanza. Hatua mia moja, goli hadi goli. Godoro alifika, akaketi, akalala. Kishindo akainua masikio. Akakodoa macho. Bi Pindo akalegeza kamba kama alivyoagizwa na kumtia ini mdomoni. Kishindo akatafuna, akatazama tena. Ini. Dakika tano zikapita bila mbweko hata mmoja, na Bi Pindo akajisikia kama amemfundisha samaki kusoma.

"ANAENDELEAJE?" Fundi Saa akapaza sauti kutoka goli la mbali.

Bi Pindo hakuwa na pini mdomoni asubuhi hiyo. Alivuta pumzi na kupiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga tangu alipokuwa msichana.

"VIZURI! ANATAFUNA!"

Kuzunguka kiwanja kulikuwa na majengo ya ghorofa, na madirisha yakaanza kufunguka.

Walikutana kila asubuhi, kama kukutana ndiko huko. Na kwa kuwa binadamu wawili hawawezi kusimama nusu saa wakitazamana bila kuongea, wakaongea. Tatizo ni kwamba kila walichosema kilisikika mpaka kituo cha mafuta. Mtaa mzima ukajua kwamba Fundi Saa hawezi kulala bila kusikia tik-tak, kwamba Bi Pindo anaogopa lifti, kwamba mmoja anapenda chai nzito na mwingine nyepesi. Kwenye roshani ya ghorofa ya pili, iliyoelekea katikati kabisa ya kiwanja, palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akianika nguo, na upepo ukizidi yeye ndiye aliyekuwa akiwapitishia maneno.

"MUME WAKO ANASEMAJE KUHUSU KUAMKA HIVI?" Fundi Saa akauliza siku ya tisa, hatua themanini.

"Anauliza mume wako anasemaje!" mama wa roshani akapasha.

"NIMEMSIKIA! MUME WANGU ALIFARIKI! MWAKA WA NANE HUU!"

Hata madirisha yalionekana kuinamisha vichwa.

"POLE SANA!"

"AHSANTE! NIMESHAPOA!"

Alipojisikia akitangaza hivyo, kwa sauti ya mnadani, mbele ya majengo matatu, Bi Pindo alishikwa na kicheko. Kilianzia tumboni, kikampanda mpaka mabegani, akacheka mpaka akashika nguzo ya goli. Kule upande wa pili Fundi Saa naye akaanza. Mama wa roshani akadondosha shuka. Kishindo alimtazama bibi yake, akamtazama Godoro, akaona hakuna vita yoyote, akaketi. Bi Pindo akampa vipande vitatu vya ini kwa mpigo.

Wakashuka hatua sabini, kisha sitini. Binti yake akipiga simu kuuliza mbwa anaendeleaje, Bi Pindo alijibu kirefu mpaka binti akauliza, "Mama, uko salama? Leo unaongea sana."

Siku ya hatua hamsini mambo yakaharibika. Bi Pindo alikuwa amevaa gauni la bluu alilojishonea usiku mbili, si kwa ajili ya mtu, alijiambia, bali kitambaa kilikuwa kimebaki. Kishindo alikuwa ametulia vizuri kabisa.

"LEO UMEPENDEZA!" Fundi Saa akapaza sauti.

Mikono ya Bi Pindo ikajikunja yenyewe. Kamba ikakaza, simu ikapigwa, na Kishindo, aliyekuwa hana neno na mtu, akapokea taarifa kwamba hatari imefika. Akalipuka. Alibweka, akaruka, akazunguka, akamburuta bibi yake na gauni lake la bluu mpaka kwenye dimbwi la katikati ya kiwanja. Godoro akafungua jicho moja, akalifunga.

"NIMEKOSEA NINI?" Fundi Saa akauliza, ameshika kichwa.

"USISEME MAMBO HAYO BILA KUNIPA TAARIFA!" Bi Pindo akajibu, tope mpaka magotini.

"Amesema umpe taarifa kwanza!" mama wa roshani akapasha.

Ikabidi warudi hatua mia. Na sasa walikuwa wanafunzi wawili, sio mmoja. Kila asubuhi Fundi Saa alipaza sauti, "NASEMA SASA!" Bi Pindo akalegeza vidole kimoja kimoja, akashusha mabega, akapumua. Ndipo sifa ikaja. "UNA KICHEKO KIZURI!" Kamba ikabaki imelegea kama uzi uliokatika. Ini kwa Kishindo. "NILIKUOTA JANA, ULIKUWA UNATENGENEZA SAA!" Kamba inaning'inia. Ini. Kishindo alinenepa. Alianza kufika kiwanjani akimvuta Bi Pindo, si kwa hasira, bali kwa hamu, na akimwona Godoro kwa mbali aligeuka haraka kumtazama bibi yake usoni, mdomo wazi: huyo hapo, iko wapi?

Arobaini. Thelathini. Kwenye ishirini waliacha kusimama wakaanza kutembea, wote kuelekea upande mmoja, Godoro kwenye mstari wa kulia na Kishindo wa kushoto, kama magari mawili kwenye barabara pana. Kumi. Bi Pindo akagundua kwamba Fundi Saa ana kidonda kidogo cha bisibisi kwenye kidole gumba, na kwamba macho yake yote mawili, yakiwa hayana kioo, yanatazama pamoja.

Asubuhi ya mwisho ya mwezi wa pili wa mazoezi wakafika hatua mbili. Madirisha yote yalikuwa wazi. Bi Pindo alilegeza kamba mpaka ikagusa nyasi. Kishindo akanyoosha shingo, akamnusa Godoro sikio, akanusa mkia, akarudi kwenye sikio kuhakikisha. Godoro akapiga mwayo mrefu na kujilaza. Kishindo akasimama kidogo, kama mtu aliyekuja na hotuba na kukuta mkutano umeahirishwa. Halafu naye akajilaza, ubavu kwa ubavu.

Baada ya miezi miwili ya kupiga kelele, Bi Pindo na Fundi Saa walisimama karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na kila mmoja akaona haya.

"Ongeeni kwa sauti, huku hatusikii!" mama wa roshani akalalamika.

Fundi Saa akakohoa. Akainama kidogo, akanong'ona, "Nilikuwa nauliza kama siku moja tunaweza kukutana bila mbwa."

Bi Pindo alikusudia kunong'ona pia. Wallahi alikusudia. Lakini koo lilikuwa limeshazoea.

"NDIYO!"

Roshani zikapiga makofi, mtu akagonga sufuria, na kabla hajafika nyumbani simu ikaita. Ni binti yake.

"Mama, nasikia umesema ndiyo. Ndiyo ya nini?"

"Ya chai tu, mwanangu."

"Chai nzito au nyepesi?" binti akauliza, na nyuma yake mkwe akasikika akicheka na kupiga chafya kwa wakati mmoja.

Kishindo hakugeuka mtakatifu. Jumapili hiyo, wakitembea wote wanne kwa kuwa chai ya bila mbwa ilikuwa bado, jibwa kubwa jeusi likatokea ghafla nyuma ya lori. Kishindo akabweka mara moja. Mara ya pili ikaishia katikati. Akageuza kichwa, akamtazama Bi Pindo, masikio juu. Bi Pindo akaingiza mkono kwenye mkoba, akapapasa, akapapasa tena. Alikuwa amejipamba saa nzima na kusahau ini mezani.

"Haraka," akasema, "una chochote?"

Fundi Saa alikuwa na mkate wa siagi mfukoni, umefungwa kwenye karatasi, aliouleta ili wale pamoja. Kishindo aliumaliza kwa kuuma mara mbili, Godoro akalamba karatasi, na lile jibwa jeusi likapita zake salama.