Ndama wa Jumatano

Jumatatu Léontine alituma ujumbe wa maneno mawili: "Amezaa. Dume." Godelieve aliusoma akiwa na mopu mkononi, kwenye korido ya uwanja wa ndege wa Arlanda, Uswidi, na moyo ukamshuka. Dume tena, la tatu mfululizo.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mlimani kwao Burundi, zizini kwa kaka yake Léontine; Léontine mwenyewe, kama Godelieve, aliishi Uswidi. Godelieve ndiye aliyemnunua akampa Léontine, kwa ajili ya urafiki ulioanzia kambi ya wakimbizi Kigoma walipokuwa wasichana. Na desturi ya kwao haina mjadala: ukipewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza humrudia aliyekupa. Godelieve na mumewe Juvénal hawakujaliwa mtoto. Ndama huyo walikuwa wameshamchagulia jina, Keza.

Jumamosi ikaja picha kutoka kwa binamu yake Godelieve, Urbain, fundi cherehani anayepakana na zizi lile. Ndama walikuwa wawili, na wa pili, alisema Urbain, ni jike. Godelieve alipombana aeleze zaidi, akajibu, "Muulize Léontine," akakata simu.

Akampigia Léontine papo hapo.

"Ni kweli, wako wawili," Léontine alisema. "Wa pili alichelewa. Alitoka Jumatano."

"Wa kwanza Jumatatu, wa pili Jumatano."

"Ndiyo, Godé."

"Ng'ombe wangu amekuwa basi siku hizi, anashusha abiria kituo kwa kituo?"

Léontine hakucheka. "Huyo usimhesabu. Subiri uzao ujao."

"Kwa nini?"

"Subiri tu, dada. Nakuomba."

Sasa, mtu akikuomba usubiri bila kukwambia sababu, utafikiri nini? Godelieve alifikiri lile lile ambalo wewe ungefikiri. Juvénal alijaribu kumkumbusha kwamba Léontine hajawahi kuwadanganya, akaambiwa anyamaze. Godelieve akaketi mezani, akaanza kufukua. Mwaka juzi Léontine alikawia kurudisha sufuria kubwa. Pasaka, nyumbani kwake mtaa wa Rissne, alipokea simu ya kaka yake akahamia nayo chumbani. Na kila siku ya akina mama kanisani, Léontine humvuta mkono watoke kabla wenye watoto hawajagawiwa maua, eti wakapashe kahawa. Kwa nini hasa? Hata hilo likaingia kwenye gunia. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Jumapili, baada ya ibada kanisani kwao Fittja, Léontine alipita na birika akiwamiminia watu kahawa. Alipomfikia Godelieve, huyu akafunika kikombe kwa kiganja.

"Kahawa ya mwizi sinywi," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Umeficha ndama wangu. Waambie hawa wote kwa nini."

Watu wakatazama viatu vyao. Léontine alifungua mdomo, akamwangalia Godelieve usoni kwa muda, akaufunga. Kisha akaweka birika mezani, akachukua koti, akaondoka na bintiye Annick. Kwa Godelieve huo ulikuwa ushahidi tosha. Asiye na hatia hujitetea.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko kazini, alimsimulia Kipchumba, Mkenya aliyeanza kazi wiki mbili tu zilizopita, mtoto wa wafugaji. Alitaka mtu wa kumuunga mkono.

"Hiyo ya siku mbili inawezekana, mama," Kipchumba alisema akimenya chungwa. "Si kawaida, lakini kwa babu niliiona mara moja. Shida ni ingine. Jike akizaliwa pacha na dume, huyo mara nyingi ni tasa. Kwetu hata mtoto anajua hiyo."

Godelieve hakujua. Alitoka mlimani akiwa mgongoni mwa mama yake, na kambini alichojua ni foleni ya maji.

"Sasa huyo rafiki yako angesema tu," Kipchumba aliendelea. "Si wanasema mficha uchi hazai?"

Ilikuwa imepita miaka ishirini tangu mtu athubutu kutamka methali hiyo mbele yake, yeye asiyezaa. Godelieve alikumbuka uso wa Léontine pale kanisani, mdomo wazi, watu wote wakingoja. Neno moja tu, tasa, lingemwokoa, naye akachagua kuitwa mwizi. Akakumbuka na yale maua. Aliona aibu.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alipanda treni kutoka Märsta, stesheni ya karibu na uwanja, hadi mjini, kisha metro ya mstari wa buluu mpaka Rissne. Annick alifungua mlango, akasema kwa Kiswidi kwamba mama amelala, hali mama mwenyewe alionekana jikoni akikata vitunguu. Godelieve akapita na viatu vyake miguuni, jambo lisiloruhusiwa nyumba ile.

"Nimekuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Jumapili nitasimama pale pale niseme nilikosea. Nisamehe."

Léontine aliendelea kukata. "Uzao ujao atakuja jike mzuri, Godé. Nilitaka upate huyo."

"Mimi namtaka Keza."

"Hujui yule ndama ana nini."

"Najua. Ni tasa." Neno lilitoka kirahisi kuliko alivyodhani. "Ndama kama huyo kwetu hupelekwa wapi?"

"Buchani."

"Huyu hapelekwi. Mwambie kaka yako Keza ana mama."

Léontine akaweka kisu chini, akajifuta macho kwa mkono wenye kitunguu, yakazidi kumwagika.

"Vua viatu basi," alisema. "Nikuwekee kahawa."