Uaminifu wa Ko Taesik

Katika kisiwa cha Jeju, Korea, karani Ko Taesik alipewa na ofisi yake fomu ya kueleza maadili yake na alikoyatoa. Akaandika: uaminifu, kutoka kwa baba. Bosi akataka baba athibitishe, basi Taesik akampigia simu.

"Uaminifu? Mimi?" mzee akaangua kicheko. "Mwanangu, nilikuwa mwizi wa machenza! Ulipokuwa na miaka minne ukaniumbua mbele ya mwenye shamba. Kwa aibu ile nikaacha. Mimi ndiye niliyeupata uaminifu kutoka kwako."

"Sasa mimi niliutoa wapi, baba?"

"Nitajuaje? Ulikuja nao."

Bosi aliposikia, alikuna kichwa, akasema, "Basi ambatanisha cheti cha kuzaliwa."

Taesik akakileta. Fomu ikapitishwa siku ileile, naye hakujua kama afurahi, au aiogope ofisi inayothibitisha uaminifu kwa cheti cha kuzaliwa.